Barua ya Kambi si Barua ya Kuitwa

Najua nimekuwa kimya. Nilikwenda Houston kumsalimia dada yangu, nikarudi na deni. Si deni la fedha. Kuna jambo nilitakiwa kumwambia dada Ijumaa usiku, nikalimeza mpaka Jumapili jioni. Sisi waandishi wa habari tunapenda kujisifu kwamba kazi yetu ni kusema ukweli. Ngoja niwasimulie nilivyoshindwa kuusema ndani ya familia yangu mwenyewe.

Dada ana binti wa miaka 14 anayecheza softiboli. Kwa wale ambao hawajaiona, huu ni mdogo wake besiboli. Ulianzia Chicago mwaka 1887. Uwanja wake ni mdogo kuliko wa besiboli, mpira wake ni mkubwa zaidi, na anayeurusha haupitishi juu ya bega. Anauzungusha mkono kama pangaboi na kuuachia kutoka chini, usawa wa nyonga. Kwenye vyuo mrushaji anasimama futi 43 kutoka kwa mpigaji, yaani kama mita 13 tu. Mpwa wangu ni mrushaji. Mama yake, aliyekulia Tanga akicheza rede uani kwa jirani, zamani alikuwa anasinzia uwanjani. Siku hizi anabishana na waamuzi.

Basi bwana, mwezi Juni mwaka 2025 ikaja bahasha. Ina nembo ya chuo kikubwa, jina la mpwa wangu limeandikwa vizuri, na ndani mna karatasi ya rangi yenye picha ya kocha mkuu akitabasamu. Inamkaribisha kwenye kambi ya siku mbili, chuoni kwao. Dada aliisoma akiwa amesimama, bado amevaa sare ya kazini (anatunza wazee, zamu ya usiku), akapiga kelele: "Wanamtaka!" Kabla sijafika Houston alikuwa ameshampigia mama Tanga, na mama alikuwa ameshapiga vigelegele kwenye simu. Kundi la familia la WhatsApp lilijaa pongezi. Na mimi niliandika pongezi. Tena niliandika kwa herufi kubwa.

Msimlaumu dada. Mwezi huohuo Texas nzima ilikuwa inazungumza softiboli, maana fainali ya vyuo pale Oklahoma City ilikutanisha Texas na Texas Tech, na Texas wakachukua ubingwa wao wa kwanza. Mrushaji wa Texas Tech, NiJaree Canady, alihamia pale kutoka Stanford mwaka 2024 kwa mkataba wa kutumia jina na sura yake ulioripotiwa kuvuka dola milioni 1. Mzazi anayelipa ada ya klabu, viatu, glavu na petroli kila wikiendi akisikia hesabu hiyo, halafu bahasha ikaingia mlangoni, utamwambia nini?

Kambi yenyewe ilikuwa dola 295. Hoteli siku mbili, petroli, chakula: ukijumlisha inakaribia dola 600. Dada alichukua zamu tatu za ziada. Mimi nilijitolea kuwa dereva.

Ijumaa usiku, hotelini, wao wamelala, usingizi ukanigomea. Nikashika simu nikaanza kusoma kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku Marekani. Nilikuwa natafuta tu maswali mazuri ya kumuuliza kocha asubuhi. Nikakuta kwamba kocha haruhusiwi kujibu.

Mambo yako hivi. Kwa vyuo vya Divisheni ya Kwanza, kocha wa softiboli haruhusiwi kuwa na mazungumzo yoyote ya usajili na mchezaji mpaka tarehe 1 Septemba ya mwaka ambao binti anaingia darasa la 11. Hakuna simu, hakuna ujumbe, hakuna kumkaribisha kutembelea chuo kwa ajili ya usajili. Akimpigia yeye, kocha haruhusiwi kuongea naye. Akimwandikia, kocha anaweza kusoma lakini hawezi kumjibu kuhusu usajili. Mzazi naye yumo humohumo. Mpwa wangu ndiyo kwanza alikuwa anaingia darasa la 9. Kwake yeye tarehe hiyo ni 1 Septemba 2027.

Sasa hiyo bahasha je? Hapo ndipo nilipokaa kitandani. Vipeperushi vya kambi vinaruhusiwa kutumwa wakati wowote, kwa mtoto wa umri wowote. Fomu za kujaza taarifa pia. Zaidi ya hapo, kambi ya chuo lazima iwe wazi kwa yeyote anayetaka kuja. Wanachoweza kuweka ni kikomo cha idadi, umri, darasa na jinsia. Na chuo hakiruhusiwi kumwingiza bure wala kumpunguzia bei mchezaji kwa sababu kinamtaka. Kwa hiyo hata yule binti ambaye kocha anamuota usiku na mchana analipa dola 295 kama wengine. Bahasha haikuwa inasema "tumekuona". Ilikuwa inasema "tuna nafasi".

Nilimtazama dada amelala na viatu vya kazini vimepangwa mlangoni. Nikazima taa.

Jumamosi asubuhi walikuwepo mabinti zaidi ya mia, kila mmoja na namba mgongoni. Wazazi tulikaa kwenye ngazi za chuma, jua la Texas likituchoma bila kubagua. Mama mmoja pembeni yetu alikuwa na bahasha ileile. Baba wa mbele naye alikuwa nayo. Dada aliziona. Hakusema kitu, lakini nilimwona akiikunja ya kwake na kuirudisha kwenye mkoba.

Kusema kweli mafunzo yalikuwa mazuri. Kocha msaidizi alikaa na mpwa wangu karibu dakika kumi, akamrekebisha mguu wa mbele na namna ya kukunja kifundo cha mkono. Hilo linaruhusiwa, kufundisha si kusajili. Mpira ukaanza kuzama ukikaribia kwa mpigaji kama jiwe lililotupwa mtoni. Dada akanipiga begani mpaka nikamwaga maji.

Mwisho wa siku ya pili binti akajikaza, akamfuata kocha mkuu. Nilikuwa karibu, nilisikia. Akamuuliza kama alipata barua pepe zake, maana alikuwa ameandika tatu. Kocha akatabasamu, akasema asante kwa kuja, umefanya kazi kubwa, safari njema. Akageuka kwa binti mwingine, akamwambia maneno hayohayo.

Ndani ya gari kimya. Baada ya kama saa moja mpwa wangu akasema kutoka kiti cha nyuma: "Anko, hawanitaki." Alikuwa haulizi.

Hapo ndipo nikasema. Nikaeleza kanuni yote, tarehe, bahasha, kila kitu. Nikaeleza kwamba kocha asingeweza kumjibu hata kama angekuwa mrushaji bora kuliko wote pale, kwa hiyo ukimya wake haumaanishi hapana. Haumaanishi ndiyo pia. Haumaanishi kitu.

Dada akauliza, "Umejua lini?"

"Ijumaa usiku."

Alitazama barabara muda mrefu. Halafu akasema: "Mdogo wangu, ningekuja hata hivyo. Ila nisingempigia mama."

Hayo maneno yameninyima raha kuliko matusi. Mimi nilidhani namlindia furaha yake. Kumbe furaha yenyewe ilikuwa imeshasafiri mpaka Tanga, na kila siku niliyokaa kimya ilikuwa inazidi kuwa kubwa na ghali kuirudisha.

Nimefikiria sana kuhusu kanuni hii tangu wakati huo. Mwanzoni niliikasirikia: inamruhusu kocha akuuzie kambi lakini inamkataza akuambie kama unapoteza hela zako. Lakini someni ilikotoka. Kabla ya Aprili 2018, ilipopitishwa, mabinti wa darasa la 8, wengine la 7, walikuwa wanaahidi kwa mdomo kujiunga na vyuo. Kocha hakuruhusiwa kuwapigia, hivyo kocha wa klabu alikuwa anampa mtoto namba na kumwambia apige yeye. Mtoto wa miaka 13 kwenye simu na mtu mzima anayemwambia una siku chache za kuamua. Na ahadi ile haikumfunga mtu yeyote; mtoto akiumia bega, au kocha akihama, imeyeyuka. Mchezo wa lacrosse ulipitisha zuio kama hilo mwaka 2017, softiboli ikafuata. Namfikiria mpwa wangu, ambaye mwezi uliopita alilia kwa sababu ya nywele, akipigiwa simu ya aina hiyo. Hapana. Acha wanyamaze.

Kwa hiyo kanuni inamlinda mtoto. Pochi ya mzazi haimo ndani yake. Hiyo tuilinde wenyewe, na njia pekee ni kujua.

Kwa wazazi wa huku ambao bahasha itawafikia: nendeni kambini kama mnataka mtoto afundishwe, na kama chuo kiko karibu. Msiende kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye bahasha. Kumbukeni pia hesabu za skolashipu. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa na skolashipu 12 za kugawana wachezaji 20 na zaidi, kwa hiyo wengi walipata vipande. Tangu msimu wa 2025 na 2026, vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya uliotokana na kesi ya House vina kikomo cha wachezaji 25 badala ya kikomo cha skolashipu, lakini kuruhusiwa kutoa si sawa na kuwa na fedha za kutoa. Divisheni ya Tatu haitoi skolashipu ya michezo kabisa. Na popote Divisheni ya Kwanza wanataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3. Hilo halisubiri darasa la 11. Linaanza darasa la 9, Jumatatu asubuhi.

Simu ya kurekebisha mambo Tanga niliipiga mimi. Dada alisema ni haki yangu. Nikamweleza mama taratibu, bahasha, kambi, tarehe ya mwaka 2027. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hawajamkataa?"

"Hawajamkataa, mama."

"Na hawajamchukua?"

"Bado."

"Haya. Mwambie asome. Na wewe," akaongeza, "siku nyingine ukijua kitu, usilale nacho."

Nimesikia, mama. Wadau, tukijaaliwa tutaonana wiki ijayo.