Miezi Sita: Kutoka Shajara ya Mazimbu

Jumatatu, 24 Machi 2025

Leo ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Ilichaguliwa kwa sababu tarehe kama hii, mwaka 1882, Robert Koch aliwatangazia wenzake mjini Berlin kwamba amekiona kimelea kinacholeta ugonjwa huu. Hapa Mazimbu, Morogoro, siku imepita kimya. Mvua imeshinda ikinyesha, na Uluguru haikuonekana hata mara moja.

Saa nne nilikuwa na mwaka wa kwanza, somo la seli. Wengi wao watakuja kuwa walimu wa biolojia. Niliwaambia wachore makrofaji, ile chembe nyeupe kubwa inayomeza vijidudu. Walichora vizuri mno: utando, kiini, mitokondria, lisosomu, mistari imenyooshwa kwa rula na majina yamepangwa upande mmoja kama tulivyozoeshwa wote tangu kidato cha kwanza. Nikauliza: mtu akivuta hewa yenye vimelea vya TB, chembe hii inafanya nini? Kimya. Kisha binti mmoja wa safu ya nyuma akasema, "Mwalimu, hiyo si mada ya magonjwa? Hatujaifikia."

Sikumlaumu. Vitabu vyetu vimeiweka seli mwanzoni kama picha ya kukariri, na magonjwa vimeyaweka huko mbele kama orodha: dalili, maambukizi, kinga, tiba. Mwanafunzi anamaliza shule akiamini hayo ni mambo mawili, na akishakuwa mwalimu anayafundisha hivyohivyo.

Jumanne, 25 Machi

Nimepitia kwa Mjomba, Kihonda, baada ya watu kufuturu. Yuko kwenye dawa tangu mwanzoni mwa mwezi huu: kila alfajiri vidonge vinne, na kila kidonge kimebeba dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Alitaka kufunga hivyohivyo. Imamu wa mtaani ndiye aliyemkalisha chini akamwambia mgonjwa ana ruhusa, siku zake atazilipa akipona.

Kapona, kwa macho yake mwenyewe. Kikohozi kimekatika, jasho la usiku limekwisha, shati limeanza kumkaa. Kilichomtisha ni mkojo mwekundu tu, na hilo alishaambiwa kwamba ni rangi ya rifampisini. Nilipomwamkia, kabla sijakaa, akanikabili:

"Mpwa wangu, wewe ndiye msomi wetu. Malaria dawa siku tatu. Homa ya matumbo haifiki mwezi. Hii wananiambia mpaka Septemba. Ya nini? Au wana biashara yao?"

"Dawa hawauzi, Mjomba. Unapewa bure."

"Ndiyo maana sielewi."

Wanaokatisha dozi huitwa watoro. Neno hilo silipendi. Mtu aliyeacha vidonge kwa sababu haumwi tena ametumia akili aliyonayo, na hakuna aliyempa sababu nyingine ya kuweka mizani.

Alhamisi, 27 Machi

Nimejaribu kuandika jibu la Mjomba bila lugha ya darasani. Halitaki kuwa fupi.

Kimelea huingia kwa pumzi na kushuka hadi kwenye vile vifuko vidogo vya hewa ndani kabisa ya pafu. Huko makrofaji ndizo zinazolinda. Makrofaji ikimgusa mdudu humzungushia utando wake na kumfungia ndani ya kifuko. Kifuko husukumiwa asidi, kisha huungana na lisosomu zilizojaa vimeng'enya vya kuyeyushia. Asidi hukolea hadi pH 5 hivi, na bakteria wengi huishia hapo. Tunavijua viungo vya kazi hii kwa hisani ya watu wawili waliotenganishwa na miongo mingi: Metchnikoff, aliyeuona ulaji huo wa seli mwaka uleule wa 1882, na Christian de Duve wa Ubelgiji, aliyezipa lisosomu jina hilo mwaka 1955.

Kimelea cha TB hufungiwa kwenye kifuko hichohicho na hakiyeyuki. Ukuta wake una mafuta mazito kama nta. Baadhi ya mafuta hayo, pamoja na protini ambazo kimelea hutoa, huharibu alama ambazo kifuko hutumia kuitana na lisosomu. Muungano haufanyiki. Asidi inabaki hafifu, pH 6 na kidogo, na kimelea kinaishi humo kikila mafuta ya mwenyeji wake. Tena hakina haraka. Bakteria wa matumboni kama E. koli akipata chakula kizuri hujigawa kila dakika 20; huyu huchukua karibu saa 20.

Sasa ndipo miezi inapoingia. Isoniazidi huzuia ujenzi wa ule ukuta wa nta, kwa hiyo humuua zaidi aliye katikati ya kujenga, yaani anayejigawa. Hao ndio wengi mwanzoni, na hao ndio wanaomkohoza mtu. Wiki chache tu wamepukutika, na mgonjwa anajiona mzima. Waliobaki ni wachache, wamezubaa, hawajengi chochote, na isoniazidi haina pa kuwashika. Rifampisini huzuia unakili wa maagizo ya jeni, kwa hiyo humkamata hata anayezinduka kwa muda mfupi tu. Pirazinamidi hufanya kazi pale penye asidi, mahali ambapo dawa nyingine hulegea. Wanaozubaa hawazinduki siku moja wote. Tunawasubiri, na kusubiri huko ndiko kunakokula miezi.

Nimempigia simu nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kwa hiyo mwizi kakamatwa, kapelekwa kituoni, na humohumo kituoni ndiko anakolala na kula."

"Ndivyo hasa."

"Si wavunje kituo!"

"Wakivunja kituo ndipo mapafu yanapotoboka, Mjomba. Matundu ya TB mengi huchimbwa na kinga ya mwili wako mwenyewe."

Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nitakwenda kwake Idi.

Jumapili, 30 Machi

Mwezi haujaandama bado, watu wanachungulia mawingu. Nimekaa na makala za zamani mchana kutwa.

Kuna jambo linanivutia kwenye miaka ya mwanzo ya 1970. Mwaka 1971, London, J. A. Armstrong na Philip D'Arcy Hart walichapisha picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha yale niliyomsomea Mjomba. Walijaza lisosomu za makrofaji za panya alama nyeusi inayoonekana kwenye picha, kisha wakazilisha vimelea vya TB. Vimelea vilivyokufa vilionekana vimeoga alama ile: lisosomu zilikuwa zimeungana na vifuko vyao. Vilivyo hai, vingi vilikuwa safi ndani ya vifuko vyao, havijaguswa.

Miaka hiyohiyo jaribio jingine lilikuwa likiendelea huku kwetu, na hapakuwa na haja ya hadubini ya elektroni. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu Afrika Mashariki ilikuwa miezi 18: streptomisini, thiasetazoni na isoniazidi kwa kuanzia, halafu zile mbili za kumeza hadi mwisho. Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza likishirikiana na madaktari wa Afrika Mashariki, chini ya usimamizi wa kina Wallace Fox na Denis Mitchison, liliwagawa wagonjwa wa hospitali zetu katika makundi. Baadhi walipewa miezi 6 tu, kila kundi kwa mchanganyiko wake, kisha wote wakafuatiliwa baada ya kuacha dawa ili kuona nani atarudiwa. Matokeo ya kwanza yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1972. Waliopata rifampisini au pirazinamidi ndani ya ile miezi 6 walirudiwa kwa uchache. Waliozikosa zote mbili walirudiwa kwa wingi.

Fox ndiye aliyerithi kiti cha D'Arcy Hart kwenye kitengo cha utafiti wa TB, kwa hiyo sidhani habari hizi mbili zilikuwa ngeni kwa kila mmoja wao. Lakini katika vitabu vya wanafunzi wangu hazijawahi kukutana. Ya London iko, mara nyingine na picha. Ya Afrika Mashariki haipo kabisa. Hilo linanikera kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Tiba ya miezi 6 inayotumika duniani ina mizizi kwenye mapafu ya watu wa Kenya, Uganda na Tanzania, na mwalimu wa Mvomero hajui.

Kuwa na jibu hakukutosha pia. Rifampisini ilikuwa ghali. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianzishwa mwaka 1977, kwa msaada wa daktari Mcheki Karel Styblo ambaye aliugua TB mwenyewe akiwa mfungwa wa kambi ya Mauthausen; rifampisini ilipoingizwa baadaye, iliwekwa kwenye miezi 2 ya mwanzo tu na tiba ikawa ya miezi 8. Kutokana na mpango huo wa Tanzania, Shirika la Afya Duniani lilipata mfano wa DOTS, mgonjwa ameze dawa huku msimamizi akiona.

Jumapili, 6 Aprili

Tarehe kama hii mwaka 1979 Solomon Mahlangu, mpiganaji wa ANC ya Afrika Kusini, alinyongwa Pretoria akiwa na miaka 22. Kampasi yetu ina jina lake kwa sababu hapa palikuwa shule ya ANC, iliyoanzishwa 1978 kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa, na Wazulu, Waxhosa na Wasotho waliishi hapa na Waluguru mpaka ilipokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Nimetembea hadi makaburini. Majani yamekatwa, njia ni safi.

Nikiwa pale nimewaza migodi ya dhahabu ya kwao. Vumbi la mwamba wa dhahabu lina silika. Makrofaji humeza punje ya silika kama inavyomeza bakteria, huipeleka kwenye lisosomu, na punje hiyo haiyeyuki. Hutoboa lisosomu kwa ndani, vimeng'enya humwagika na seli hufa. Nyingine inakuja, inameza punje ileile, nayo inakufa. Pafu lenye walinzi wa namna hiyo haliwezi kumzuia kimelea wa TB, na hii ni sababu mojawapo ya kifua kikuu kuwaandama wachimbaji wa Afrika Kusini kwa zaidi ya karne. Wajomba wa watu wa Tukuyu pia walikwenda huko kwa mikataba ya Wenela, wakala wa kuajiri wachimbaji, enzi za Mwingereza. Tusifikiri ni habari ya mbali: Mirerani wanachimba ndani ya mwamba, na vumbi ni vumbi.

(D'Arcy Hart huyohuyo, kabla ya lisosomu, alichunguza mapafu ya wachimba makaa wa Wales. Aliishi miaka 106.)

Jumatano, 16 Aprili

Wanafunzi wameniomba tuwazungumzie panya wa chuo chetu, SUA, na ni haki yao, wanaishi nao mji mmoja. Shirika la APOPO limekuwa Morogoro tangu 2000, na tangu 2007 panya buku wanapimishwa makohozi. Sampuli huuawa vijidudu kwa joto kwanza. Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, na kazi kubwa ni zile ambazo kliniki imeshasema hazina kitu. Hadubini ya kawaida huhitaji maelfu ya vimelea katika mililita moja ya makohozi ndipo mtaalamu aone hata vijiti vichache vyekundu kwenye bluu. Panya hunusa harufu ambayo vimelea hutoa.

Mjomba alipatikana hivyo. Kituo alichopima kwanza walimwandikia hana TB. Sampuli ikanuswa, ikathibitishwa tena maabara, akapigiwa simu. Yeye anasimulia kwa fahari kwamba daktari wake ana mkia.

Jumatano, 30 Aprili

Darasa la leo limekwenda vizuri kuliko yote ya muhula huu. Sikuchora seli. Niliandika ubaoni swali la Mjomba, neno kwa neno, pamoja na lile la biashara yao. Wakacheka, kisha wakafanya kazi saa nzima.

Kijana mmoja wa Ifakara akauliza kuhusu VVU, nami nilikuwa namngojea mtu aulize. Makrofaji iliyonasa kimelea hupewa nguvu na chembe T za CD4, ambazo hutoa interferoni-gama. Ikipata ishara hiyo kifuko kinaweza kulazimishwa kuungana na lisosomu. VVU huua chembe hizohizo za CD4. Karibu robo ya watu duniani wana maambukizi ya TB yaliyolala, na wengi hawataugua kamwe, kwa sababu seli zao zimewazungushia wale vimelea ukuta na zinaulinda. Ukiondoa CD4, ukuta unabomoka. Sikulazimika kuwakumbusha kwa nini miaka ya 1990 wodi zetu zilijaa TB. Wengine wana wazazi waliofia humo.

Binti wa safu ya nyuma akataka kujua kama miezi itapungua tena. Imeshaanza: watoto wenye TB isiyo kali sasa huweza kutibiwa kwa miezi 4, kutokana na jaribio ambalo Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi zake. Kwa watu wazima upo pia mchanganyiko wa miezi 4, wenye rifapentini na moksifloksasini.

Swali la mtihani nimeshalitunga: *Mgonjwa wa TB anajisikia mzima baada ya mwezi mmoja wa dawa. Kwa kutumia kifuko, lisosomu na hali ya vimelea, mweleze kwa nini aendelee.* Wajibu kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, watakavyo. Hakuna alama za mchoro.

Jumanne, 6 Mei

Makohozi ya Mjomba ya mwisho wa mwezi wa pili yamerudi: hayana vimelea. Ameongezeka kilo. Pirazinamidi na ethambutoli ameziacha. Zimebaki rifampisini na isoniazidi, kila siku, kwa miezi 4. Mkewe amepimwa, wajukuu wamepimwa, wote hawana ugonjwa. Anamaliza mwanzoni mwa Septemba.