Kitanda cha Tata ndani ya Noah

Nilikuwa namrudisha mzee nyumbani Kashozi kutoka hospitalini Mwanza. Mgongo. Daktari alisema asikae wima safari nzima. Meli tuliiacha, ngazi zake asingeziweza.

Tukakodi Noah. Nikadhani ukilaza viti vyote umepata kitanda. Wapi! Kati ya kiti na kiti kuna mabonde, na kiuno kinazama humo humo. Mimi mtoto wa mjini nikanunua godoro laini kuliko yote dukani. Kufika Usagara, Tata anaugulia.

Mama akasimamisha gari. Akajaza mabonde kwa magunia yaliyokunjwa, juu yake mablanketi, godoro mwisho, mto chini ya magoti. "Chini pagumu, juu palaini," akasema. "Sisi tulilala nyasi juu ya udongo, wewe unaleta sponji tupu!"

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, likatuepusha na kusubiri kivuko. Geita, Tata kalala. Biharamulo, bado kalala. Muleba akaamka, akauliza kama migomba imeanza kuonekana.

Kashozi walikuwa wametandaza nyasi mpya sebuleni, kama nyumba za Wahaya wa zamani. Tata akalikataa kochi, akaomba tumlaze pale chini. Akashusha pumzi.

Nalipwa mshahara kwa kuuliza watu maswali. Baba yangu sikuwahi kumuuliza analalaje.