Sauti ya Kale Katika Santuri Mpya

Mapenzi ya wimbo hayabishi hodi. Huingia kama mwenyeji, yakaketi, na mwenye nyumba akaja kujua baadaye kuwa nafasi ya moyo wake imekwisha twaliwa. Ndivyo yalivyompata mwanafunzi mmoja jioni moja ya mwaka 2007, katika bweni la chuo, alipopita mlangoni pa jirani yake akasikia mwanamke anaimba. Matari yalilia kwa mwangwi, tarumbeta zilijibizana, na sauti nzito yenye mikwaruzo ilipanda juu yake kama moshi juu ya moto. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa kujivunia ujuzi wa santuri za kale, kwa hiyo hakuona haja ya kuuliza umri wa wimbo ule. Aliuliza jambo jingine:

"Ndugu, marehemu huyu alifariki lini?"

Jirani alicheka hata machozi yakamtoka. "Marehemu? Huyu ni Amy Winehouse wa London. Yu hai, na umri wake ni miaka 23. Santuri hii imetoka Oktoba mwaka jana."

Kicheko kile kilimchoma. Mjuzi aliyekosea mbele ya watu hupenda kulaumu kitu kuliko kujilaumu nafsi. Aliiazima santuri ile, Back to Black, si kwa kuipenda bali kwa kuishitaki. Zilikuwa nyimbo 11 za muda upatao dakika 35, na ushahidi ulipatikana upesi. Ngoma zilifuata mwendo wa Motown ya Detroit. Mwangwi ulifuata nyayo za Phil Spector, ambaye mwaka 1963 aliwakusanya wapigaji wengi pamoja ili vyombo vyao visikike kama ukuta mmoja nyuma ya sauti za The Ronettes. Wimbo mmoja ulijengwa juu ya msingi wa utungo wa Ashford na Simpson uliovuma kwa sauti za Marvin Gaye na Tammi Terrell mwaka 1967, na watunzi hao wakatajwa katika santuri mpya. Hata nywele za mwimbaji zilisimama kichwani kama kichuguu, mtindo wa wasichana wa zama zile.

Walakini shitaka lilimwangukia mshitaki. Kila aliposikiliza ili ahukumu, alijikuta anasikiliza ili asikie tena. Sababu aliiona katika maneno. Aghalabu wasichana wa miaka ya sitini walipewa nyimbo zilizotungwa na wengine, na ndani yake mapenzi yalikuwa ahadi na huzuni ilikuwa na adabu. Winehouse alitunga mwenyewe, mara peke yake, mara kwa ushirika. Akautaja ulevi wake na usaliti wake bila kujipamba na bila kuomba huruma. Vazi lilikuwa la bibi, lakini aliyelivaa alikuwa mjukuu, na jeraha lake lilikuwa bichi. Mwigaji huazima sauti kwa kuwa hana la kusema. Huyu aliazima kwa kuwa alikuwa na zito la kusema, akatafuta chombo cha kulibeba.

Hata hivyo, deni ni deni. Nyimbo 5 zilisimamiwa na Salaam Remi, na 6 na Mark Ronson. Katika hizo za Ronson walipiga The Dap-Kings, bendi ya Brooklyn iliyozoea kurekodi kwa utepe, kwa desturi ya kale. Bendi hiyo ilikuwa na mwimbaji wake, Sharon Jones, aliyezaliwa mwaka 1956, akapata kuwa askari wa gereza la Rikers Island, na ambaye santuri yake ya kwanza pamoja nao ilitoka mwaka 2002. Mwanafunzi alipoyajua hayo aliona haya. Alikuwa amemsifu aliyefungua dirisha, akamsahau mama aliyekuwa akiimba ndani ya nyumba kwa miaka mingi. Akazitafuta santuri za Jones, akampa sehemu yake ya sifa.

Februari 2008 Winehouse alipata tuzo 5 za Grammy. Wimbo wake wa kukataa matibabu ya ulevi ulipigwa katika karamu, watu wakauitikia kwa vicheko, na mwanafunzi aliitikia pamoja nao. Tarehe 23 Julai 2011 mwimbaji huyo alifariki nyumbani kwake London kwa sumu ya pombe. Alikuwa na umri wa miaka 27. Swali lililochekwa bwenini likapata jibu lake, na muulizaji akatamani kuwa hakuliuliza kamwe.

Siku nyingi hakuigusa santuri ile. Alijiona kama mtu aliyekota moto usiku wa baridi, kisha kulipokucha akatambua kuwa ile ilikuwa nyumba ya jirani inaungua. Alipoirudia, hakutafuta tena ndani yake lililo la kale wala lililo jipya. Matari yalilia vilevile, na tarumbeta zilijibizana vilevile. Maneno nayo hayakubadilika. Yalikuwa yamesema kweli tangu jioni ile ya kwanza mlangoni, lakini masikio yake yalikuwa yameshughulika kuhesabu umri wa ngoma.