Aliyekuwa Jirani: Usomaji wa Luka 10 katika Bonde la Ufa

Husemwa mara nyingi katika uhakiki wa fasihi kwamba matini haikamiliki hadi impate msomaji wake. Kauli hii ni nyepesi kuitamka darasani. Uzito wake hudhihirika pale matini iliyozoeleka inapomgeukia msomaji na kumsoma yeye. Ndivyo ilivyomfika mwalimu mmoja wa sekondari, mkazi wa viunga vya Molo, alipoifungua tena Injili ya Luka mwezi Februari 2008.

Mwalimu huyo aliijua sura ya kumi kama ajuavyo njia ya kwenda kwake. Baada ya mtaala wa 8-4-4 kurekebishwa mwaka 2002, Injili ya Luka ilifundishwa katika Kidato cha Pili, naye aliwafundisha wanafunzi hadithi ya Msamaria kwa utaratibu usiobadilika: wahusika, mandhari, dhamira, funzo. Mandhari hasa yalimpendeza. Barabara itokayo Yerusalemu kwenda Yeriko huteremka takriban mita 1,000 hadi bonde la Yordani, bonde ambalo mwanajiolojia J. W. Gregory, aliyeizuru Kenya mwaka 1893, alilihesabu kuwa sehemu ya Bonde Kuu la Ufa. Wanafunzi waliowahi kushuka kwa matatu kutoka Molo, wakapitia Elburgon na Njoro hadi Nakuru, hawakuhitaji ramani ili kuielewa safari ile.

Kilichomkwaza safari hii si mandhari bali neno moja. Mwanasheria anamwuliza Yesu jirani yake ni nani. Yaani, anataka achorewe mpaka wa wajibu wake. Baada ya kusimulia, Yesu anamrudishia swali likiwa limepinduliwa: kati ya wapita njia watatu, ni nani aliyekuwa jirani wa yule majeruhi? Jirani, ambaye katika swali la kwanza ni mtendewa, anageuka kuwa mtendaji. Kitenzi cha Kiyunani mahali hapo kina maana ya mtu kugeuka na kuwa kile ambacho hakuwa awali. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, iliyokusudiwa kuziunganisha tafsiri za Mombasa na Unguja, hutumia "aliyekuwa", na kitenzi "kuwa" chaweza kuzibeba maana zote mbili, ya hali na ya mabadiliko. Walakini matumizi ya redio na magazeti yamelipa umbo hilo maana ya tatu. Aliyekuwa waziri ni mtu ambaye si waziri tena. Mwalimu alisoma "aliyekuwa jirani", akasikia maana hiyo ya tatu, akaufunga ukurasa.

Sababu yake ilikuwa ya miaka mingi. Machafuko yaliyoanza Oktoba 1991 katika shamba la Miteitei, Nandi, yaliingia Molo na Olenguruone mwaka 1992. Usiku mmoja wa mwaka huo mlango wa mwalimu ulibishwa. Walikuwa watu wa nyumba ya pili, ng'ambo ya ua wa michongoma, watu wa jamii nyingine waliokuwa wakiitwa "madoadoa" katika mikutano ya kisiasa. Mwalimu hakufungua. Alfajiri nyumba yao ilikuwa majivu, nao wamekwisha kupanda lori kwenda Nakuru, wote wakiwa hai. Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo ya mwalimu ilikuwa karibu, nayo haikuinuliwa.

Baada ya miaka miwili walirejea, wakajenga upya. Kwa miaka kumi na mitatu wakasalimiana juu ya ua, wakaazimana mbegu za viazi, wakahudhuria matanga ya kila upande. Usiku ule haukutajwa. Vurugu zilipozuka tena baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, vurugu ambazo kwa hesabu ya tume ya Jaji Philip Waki ziliua watu 1,133 nchini, mwalimu alikaa macho usiku kucha akiusubiri mlango ubishwe. Safari hii angefungua. Haukubishwa. Kulipokucha, nyumba ya pili ilikuwa tupu.

Mhakiki aghalabu huligusia pia jibu la mwanasheria. Hasemi "Msamaria", husema ni yule aliyeonyesha huruma, kana kwamba jina la kabila lingemchoma ulimi. Mwalimu alikuwa akiwauliza wanafunzi kwa nini hakulitaja, nao wakijibu kwa wepesi kwamba alikuwa na chuki. Sasa alitambua kwamba yeye mwenyewe, kila alipokisimulia kisa chake, alisema "jamii ile nyingine", na kwamba katika kukwepa huko hamna chuki tupu. Mna aibu pia.

Mapema mwezi Machi, baada ya mkataba wa kugawana mamlaka kutiwa saini tarehe 28 Februari, alishuka Nakuru na gunia la viazi. Aliwapata katika kambi ya wakimbizi wa ndani kwenye Uwanja wa Maonyesho. Mama wa nyumba ile alimpa ndoo iliyopinduliwa akalie, akamwuliza kama mvua zimeanza huko juu. Mwalimu akasema yale aliyostahili kuyasema mwaka 1992. Mama alinyamaza kitambo.

"Tulijua uko macho, Mwalimu," akasema. "Tulipobisha, ulizima taa."

Hakumfukuza, wala hakusema amemsamehe. Alivipokea viazi, akamsindikiza hadi langoni.

Katika hadithi ya Luka majeruhi hasemi neno hata moja. Msimulizi anatueleza alichokiona kuhani, alichokiona Mlawi na alichokifanya Msamaria. Hatuelezi kama yule aliyelala njiani alikuwa amefumba macho au aliziona nyayo zilizopita kando. Uhakiki umeyashughulikia sana maswali ya wapita njia, ukaliacha lake. Shule ilipofunguliwa na somo likafika sura ya kumi, mwalimu aliandika ubaoni maswali yake ya kila mwaka, kisha akaongeza moja ambalo hakuwa na jibu lake katika mwongozo: majeruhi alipopona, aliporudi kupita barabara ile, aliwakumbuka akina nani?