Mlango wa Uani

Mdogo wangu huandika moduli za kerneli ya Linux jioni, baada ya kazi, kama wengine wanavyomwagilia bustani. Siku hiyo kompyuta yake ilikuwa kwa fundi, akaazima yangu.

Kerneli ina maelfu ya funksheni, lakini moduli inayopachikwa mashine ikiwa inafanya kazi haiwezi kuita yoyote ipendayo. Ni zile tu zilizotangazwa kwa EXPORT_SYMBOL, au EXPORT_SYMBOL_GPL kwa wenye leseni inayokubalika. Ukitaja nyingine, unarudishwa mlangoni: “Unknown symbol”. Zamani watu waliuliza kallsyms_lookup_name. Unaipa jina, inakupa anwani. Mwaka 2020, toleo 5.7, nayo ikaacha kutangazwa. Basi wakahamia kprobe: unaomba kuitega funksheni hiyohiyo kwa jina, kerneli inakutafutia anwani ili iweke mtego, unaisoma, kisha unautegua.

“Si wizi, dada,” akaniambia. “Nimepita mlango wa uani.”

Nilicheka, maana juma hilohilo nami nilikuwa nimepita huko. Kulikuwa na mjane aliyekataa kuzungumza na waandishi. Nilimpata kupitia binti wa dada yake, kwa maneno matamu ambayo leo sipendi kuyakumbuka. Alikataa kinasa sauti, akakataa hata kalamu. Usiku niliandika yote kutoka kichwani, kurasa saba, na faili lilikuwa bado wazi, halijahifadhiwa.

Kumbe anwani siyo ahadi. Umbo la funksheni alilinakili kutoka toleo la zamani. Kwenye mashine yangu vigezo vilikuwa vimebadilika. Kompaila haikulalamika, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeiambia funksheni inapokea nini. Nayo ikamwamini. Skrini ikaganda, kipanya kikafa. Tukabonyeza kitufe cha kuwashia hadi ikazima.

Kesho yake nilimpigia mjane. Hakukasirika, yaani hilo ndilo lililoniuma. “Mwanangu, nilishasema. Sisemi tena.” Akanitakia kazi njema.

Mdogo wangu alikaa siku mbili akisoma msimbo wa kerneli, akapata funksheni iliyotangazwa inayofanya karibu kazi ileile, polepole kidogo. Moduli yake inafanya kazi mpaka leo. Mimi habari ile sikuiandika. Namba ya yule binti bado ninayo kwenye simu.