Kadogo ya Theluji

Kwa misimu miwili nililipa kodi ya nyumba kwa kuandika kuhusu theluji. Mteja wangu alikuwa Mmarekani mwenye tovuti ya safari, mimi nikiwa kwa bedsitter Kahawa Wendani na bando ya usiku. Alilipa kwa neno. Mada zilikuja zikiwa zimepangwa: mlima upi unafaa familia yenye watoto, pasi ipi ya msimu inalipa, buti zipi hazibani vidole. Baridi kali zaidi niliyowahi kuionja ni ya Limuru mwezi wa Julai. Lakini kazi ya mtandaoni ndivyo ilivyo. Nilijua wasee walioandikia Wakanada kuhusu mabomba yanayoganda, na wengine Waaustralia kuhusu bima ya mbwa. Unasoma, unauliza, unapiga hesabu, unaandika.

Kilichonishika ni hesabu. Bei za mchezo huo zilikuwa na tabia niliyoifahamu tangu utotoni, kutoka mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayemiliki glavu.

Mchezo wenyewe ni rahisi kueleza. Unafunga skii mbili, ndefu na nyembamba kama mbao, kwenye buti ngumu. Unafika juu ya mlima, halafu unateremka. Kuteremka unapewa bure na mlima. Kinachouzwa ni kupanda, na historia karibu yote ya biashara hii imo humo kwenye kupanda.

Zamani watu walipanda kwa miguu yao. Kisha mwaka 1936, huko Sun Valley, Idaho, kampuni ya reli ya Union Pacific ikafungua lifti ya kwanza ya viti duniani. Ilitaka watu wapande treni zake kwenda mlimani. Mhandisi aliyeibuni, James Curran, alichukua wazo kutoka kwa mitambo ya kupakia ndizi melini: toa ndoano ya mkungu, weka kiti cha binadamu. Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu kejani. Mchezo wa wazungu wa baridi unabebwa na akili ya ndizi.

Vail, Colorado, ilifunguliwa tarehe 15 Desemba 1962. Mmoja wa waanzilishi wake, Pete Seibert, alikuwa mwanajeshi wa Divisheni ya 10 ya Milimani, kikosi kilichofunzwa vita vya theluji katika kambi ya Camp Hale, si mbali na hapo, kisha kikapelekwa Italia katika Vita vya Pili vya Dunia. Alirudi na majeraha mabaya, na bado akataka mlima. Siku hiyo ya kwanza tiketi ilikuwa dola 5. Ukiongeza mfumuko wa bei wa miaka yote hiyo, ni kama dola 50 za leo.

Msimu wa 2024 hadi 2025, siku za wateja wengi, tiketi ya siku moja dirishani pale Vail ilifika dola 329. Kwa shilingi zetu hiyo inapita 42,000. Siku moja. Bado hujakodi skii, hujalala, hujala.

Mtu atasema: si wanaweza, ni matajiri hao. Wengi ni matajiri kweli, na skii haijawahi kuwa mchezo wa ombaomba. Lakini ulikuwa na mlango wa nyuma. Warren Miller, aliyekuja kuwa mtengenezaji filamu maarufu zaidi wa mchezo huo, aliishi msimu mzima wa 1946 hadi 1947 ndani ya trela ndogo kwenye maegesho ya magari pale Sun Valley. Supu yake ilikuwa maji ya moto na kechapu ya bure ya mkahawani. Baada yake walikuja vijana wengi walioacha masomo, wakaosha vyombo hotelini usiku na kuteleza mchana. Nawaelewa sana hao. Mtu aliweza kuwa hana kitu na bado akawa wa pale.

Mlango huo ulifungwa polepole, na waliofanya kazi hiyo ni wahasibu. Kampuni ya Vail Resorts iliingia soko la hisa la New York mwaka 1997. Mwaka 2008 ikatoa pasi iliyoitwa Epic: dola 579, upande lifti msimu mzima, milima kadhaa, siku unazotaka. Watu walidhani imekosea. Haikuwa imekosea hata kidogo.

Adui mkubwa wa biashara ya skii ni anga. Theluji ikichelewa, wafanyakazi wapo, mkopo wa benki upo, na wateja wamekaa nyumbani. Pasi inahamisha hatari hiyo. Unailipia kuanzia majira ya kuchipua, na mauzo hufungwa mapema Desemba. Theluji ije isije, pesa zimeshaingia. Kazi iliyobaki ni kukushawishi ununue mapema, na njia mojawapo ni kufanya dirisha litishe. Kwa msimu ule wa 2024 hadi 2025, pasi kamili ya Epic ilianza kuuzwa kwa dola 982. Tiketi tatu za dirishani za dola 329 ni dola 987. Yaani siku tatu zinakula zaidi ya msimu mzima. Bei ya dirisha haipo hasa ili ilipwe. Ipo ili pasi ionekane ya bure.

Kuwa muungwana: zipo pasi za siku chache, za bei nafuu, ukizinunua mapema. Kuna pia milima midogo inayojitegemea ambako tiketi haitishi hivyo. Lakini mtu aliyeamka Januari akasema leo acha nijaribu huu mchezo, akaenda kwenye mlima unaotajwa kila mahali, huyo ndiye anayelipa kuliko wote. Msimu ule mzoefu aliyeteleza siku arobaini alilipa chini ya dola 25 kwa siku. Mgeni alilipa 329.

Nilimpigia mamangu simu kumweleza. Ana kiosk Kaptembwo, Nakuru, na akili yake ya biashara naiamini kuliko ya mwalimu yeyote aliyewahi kunifunza.

"Kwani hiyo theluji ni wao wanaitengeneza?" akauliza.

Nikamwambia nyingine ndiyo, kuna mashine. Akanyamaza kidogo.

"Sasa baba, wanauza kadogo, lakini hawataki mtu wa kadogo."

Uchumi wa kadogo ndio uliotulea. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, sabuni ya unga ya kipakiti, kiberiti kwa bahati njema kizima. Kila Mkenya aliyekulia ploti anajua kwamba kadogo ni ghali. Ukijumlisha vipimo vyote mpaka vifike lita moja, aliyenunua mtungi mzima supermarket amelipa kidogo kukuliko. Kukosa pesa kuna ada yake, na faida ya mamangu inatoka hapo. Hajawahi kuificha.

"Lakini mtu wa kadogo humwambii aende akanunue mtungi," akaendelea. "Unampimia. Leo ana ishirini, kesho ana hamsini. Siku akipata, mtungi anachukulia kwako."

Tangu siku hiyo sikuweza tena kuandika zile makala vile vile. Mama anatoza zaidi ili mwenye ishirini aweze kuingia. Mlima unatoza zaidi ili mwenye siku moja aone aibu ya kuja na siku moja. Hesabu ni moja, lakini moja inavuta mtu ndani na nyingine inamsukuma nje.

Waliobaki ndani nao hawakupata raha waliyoahidiwa. Mwaka 2021 kampuni ilipunguza bei ya pasi kwa asilimia 20, ikauza pasi milioni 2.1 kwa msimu mmoja. Ukishalipa kila kitu mbele, kila siku ya ziada ni ya bure, kwa hivyo unakuja, na kila mtu anakuja. Foleni za lifti zikawa habari. Wapinzani nao walikuwa wameshajipanga: kampuni ya Alterra, iliyoundwa 2017, ilileta pasi ya Ikon mwaka uliofuata, na sasa milima mikubwa mingi ya Marekani iko upande wa pasi hii au ile. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa na vituo vya skii zaidi ya 700. Leo havifiki 500.

Kisa cha Park City, Utah, kilinifanya nicheke tena, lakini kwa uchungu. Kampuni ya Powdr iliendesha mlima huo kwenye ardhi ya kukodi, kwa kodi ya zamani ya bei ya chini sana. Mwaka 2011 barua ya kuongeza muda wa mkataba ilichelewa siku chache tu. Mwenye ardhi hakusamehe. Vail Resorts ikaingia katikati, kesi ikaenda mahakamani, na mwaka 2014 Powdr ikauza ilichobaki nacho kwa dola milioni 182.5. Barua moja iliyochelewa, na mji mzima ukabadilisha tajiri.

Ni katika mlima huo huo, tarehe 27 Desemba 2024, wiki yenye wateja wengi kuliko zote, ambapo walinzi wa mlima wapatao 200 waligoma. Hawa ndio hutangulia mlimani kukiwa giza, hulipua theluji iliyolegea kabla haijaporomokea watu, na huteremsha majeruhi kwa sleji. Mshahara wa kuanzia ulikuwa dola 21 kwa saa, na walidai uwe 23. Mteja aliyekuja kutoka mbali na familia yake alikuta sehemu kubwa ya mlima imefungwa na foleni haisongi. Mgomo ulidumu mpaka tarehe 8 Januari, na dola 2 zao wakazipata.

Kwa dola 21 kwa saa, mlinzi angefanya kazi karibu saa 16 kununua tiketi moja ya dirishani ya dola 329. Yeye hapandi kwa tiketi, ndiyo. Lakini kodi ya nyumba analipa katika mji ambako nyumba hununuliwa na watu wanaokuja kulala humo wiki mbili kwa mwaka. Ndiyo maana katika miji hiyo utasikia walimu, wapishi na madereva wa basi wanaishi mbali bondeni, na wengine wanalala kwenye magari. Warren Miller alilala kwenye maegesho kwa kupenda. Hawa wana ajira.

Na wageni watatoka wapi? Mkenya wa kwanza kushindana katika skii ya kuteremka kwenye Olimpiki ni Sabrina Simader, huko Pyeongchang mwaka 2018. Alizaliwa Kilifi, akahamia Austria na mamake akiwa mdogo, na baba yake wa kambo ndiye aliyemwingiza kwenye mchezo. Nchini Austria hata milima mikubwa bado huuza tiketi ya siku chini ya yuro 100. Kipaji kilikuwa chake. Lakini kwanza kulikuwa na mtu aliye ndani tayari, akamshika mkono, mahali ambapo kujaribu hakukuwa adhabu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Hakuna aliyenifukuza. Wenye pesa za muhula mzima kwa mpigo walilipa Septemba wakalala. Sisi wa kulipa kidogo kidogo tuliwekewa faini ya kuchelewa juu ya salio, na bila kumaliza salio hukai kwenye mtihani. Nililipa faini mara mbili. Mara ya tatu nikapiga hesabu nikagundua kwamba naulipia umaskini wangu riba. Nikakunja shuka zangu. Ofisi ya karo ilikuwa na adabu sana, hata walinitakia kila la heri. Bei haihitaji kukupigia kelele. Unajiondoa mwenyewe, halafu takwimu zinasema hukuwa na nia.

Kwa hivyo nikisikia kwamba skii inastawi, kwamba msimu wa 2022 hadi 2023 Marekani ilihesabu rekodi ya safari milioni 65.4 za mlimani, naamini. Kinachonikera ni kwamba hesabu hiyo inamhesabu mtu yule yule kila anaporudi, na haina safu ya aliyesimama dirishani, akasoma bei, akarudi kwa gari na watoto wake.

Makala ya mwisho niliyomwandikia mteja yule, kabla kazi haijakauka, ilikuwa kuhusu Mad River Glen, mlima mdogo wa Vermont. Mwaka 1995 wateja wake waliununua kwa ushirika, kwa hisa, na mpaka leo ni wao wanaoumiliki. Lifti yake maarufu ni ya mwaka 1948, kila kiti kinabeba mtu mmoja. Ilipochakaa wangeweza kuweka mpya ya kasi. Mwaka 2007 wakarudisha ile ile ya kiti kimoja, kwa sababu lifti ikipandisha watu wengi zaidi, njia za kuteremkia zinajaa.

Si mlima wa bure, na hisa yake si pesa ya mtu wa Kaptembwo. Lakini nilipomsimulia mama, hakuhitaji maelezo marefu. "Ni chama," akasema, kisha akaniambia ningoje, kuna mtoto wa jirani amekuja na chupa anataka mafuta ya ishirini.