Viazi Vilivyokuwa Kwenye Karai

Nilimlisha shangazi yangu sumu. Sikukusudia, na ninamshukuru Mungu kwamba amepona. Lakini viazi alivyokula nilivichimba mimi, nikavisafisha mimi, nikaviweka jikoni mimi. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Vilikuwa viazi vya gloriosa. Ukipita kwenye miyombo wakati wa mvua, au kwenye vichaka vya pwani, huenda umewahi kusimama kuutazama mmea huu. Ni mwembamba, hauwezi kusimama wenyewe, kwa hiyo hupanda juu ya mimea mingine kwa ncha za majani yake: majani mengi huishia kwenye kikono kinachojisokota kwenye chochote kilicho karibu. Ua huning'inia likitazama chini, ilhali petali zake sita zimekunjika kurudi juu, kingo zikiwa na mawimbi, njano kwenye shina na nyekundu kali kuelekea ncha. Stameni sita hutandazwa pembeni. Kijiti cha kike, kile kinachopokea chavua, hupinda ghafla na kutokeza upande mmoja, jambo ambalo sijaliona kwenye maua mengi.

Carl Linnaeus aliuandika mmea huu mwaka 1753 kwa jina la Gloriosa superba. Ni ua la taifa la Zimbabwe. Mwaka 1947, Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipozuru kusini mwa Afrika kabla hajawa malkia, alizawadiwa bruchi ya almasi yenye umbo la ua hilo. Hayo yote niliyajua na nilipenda kuwasimulia wageni. Nilijua pia kwamba mmea una sumu, ila nilijua kama mtu anavyojua kwamba barabara kuu huua, huku akivuka bila kutazama.

Nilikuwa na kundi la gloriosa kwenye ua wa nyumba yangu, pembezoni mwa Morogoro. Nililichukua kwenye shamba la rafiki lililokuwa linasafishwa, nikaona ni hasara likichomwa moto. Mvua zikija linachipua na kuchanua; kiangazi kikiingia linakauka lote hadi huwezi kujua kama kuna kitu pale. Kinachobaki ni kiazi ardhini. Kiangazi hicho nilitaka kuuhamishia mmea upande wa pili, nikachimba.

Hapa ndipo kosa lilipoanza, nami naomba ulifuatilie, kwa sababu kila hatua ilionekana ya busara. Kiazi cha gloriosa kina matawi mawili, kimekunjika kama herufi V, na mtu aliyekulia shambani akikiona hivyo atakitilia shaka. Mimi niliyavunja yale matawi, maana kila moja lina jicho lake la kuchipua na ningepata mimea mingi zaidi. Nikakata vikonyo vilivyokauka. Nikaosha udongo ili nione kama kuna vilivyooza. Nilipomaliza, nilikuwa na vipande safi vya rangi ya kahawia, vyeupe ndani, vya ukubwa wa kidole na zaidi. Alama zote ambazo zingemwonya mtu nilikuwa nimeziondoa kwa mikono yangu. Nikavitia kwenye karai, na kwa kuwa jua lilikuwa kali nikaliingiza karai jikoni, chini ya meza, karibu na kapu la viazi vikuu nilivyonunua sokoni.

Sikumwambia mtu yeyote. Niliondoka kwenda kazini.

Shangazi alikuwa amekuja kututembelea, na si mtu wa kukaa bure. Alichemsha viazi vya mchana. Jioni aliniambia, "Baba, hivi viazi vyako vichungu kweli, nimekula vichache tu." Nilimjibu kwamba viazi vya sokoni siku hizi havitabiriki. Usiku alianza kutapika, kisha kuharisha, huku akilalamika kwamba mdomo na koo vinamwaka.

Hospitalini daktari aliuliza amekula nini. Nilijibu haraka: viazi vikuu. Alirudia swali, nami nikarudia jibu kwa uhakika uleule. Akatibiwa kama mtu aliyekula chakula kilichoharibika.

Asubuhi nilirudi nyumbani kumchukulia kanga. Niliingia jikoni kutafuta chupa ya chai, nikaona kapu la viazi vikuu. Limejaa. Hakuna hata kimoja kilichoguswa. Kwa muda sikuelewa ninachokiona. Nilifikiri labda mtu amenunua vingine. Halafu nikainama nikavuta karai. Vilibaki vipande vichache. Kwenye ndoo ya taka kulikuwa na maganda membamba. Nilijua papo hapo, na nilijua pia kwamba usiku kucha daktari alikuwa anafanya kazi kwa kufuata uongo nilioutoa kwa nia njema.

Nilirudi hospitalini na kipande kimoja kwenye mfuko nikamweleza daktari kila kitu. Sumu ya gloriosa ni kolkisini, kemikali ileile inayotumika kama dawa ya jongo. Dawa hupimwa kwa miligramu, kidonge kimoja kikiwa na nusu miligramu. Kiazi hakimpimii mtu. Kolkisini huzuia seli zisigawanyike, kwa hiyo hushambulia kwanza sehemu za mwili zinazojijenga upya kila siku: utumbo, uboho unaotengeneza damu, mizizi ya nywele. Hospitali yetu haikuwa na dawa ya kuipindua. Walichoweza ni dripu, kupima damu mara kwa mara, na kusubiri.

Kutapika kulipokoma shangazi alionekana ana nafuu, akaomba kurudi nyumbani. Daktari alikataa, na alikuwa sahihi, kwani chembe nyeupe za damu zilishuka baada ya hapo. Alilazwa hadi zilipopanda. Baadaye nywele zake zilidondoka karibu zote. Zimeota tena. Alikosa msimu wa kupanda mpunga, na gharama za matibabu nilizilipa kwa akiba niliyoitunza kwa ajili ya paa.

Aliniuliza swali moja tu: "Kama ni ua, jikoni lilifuata nini?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Sikuing'oa gloriosa yote. Ninaipenda bado, na mmea haukufanya kosa lolote. Lakini sasa kila anayelala kwangu, mtoto kwa mkubwa, anaonyeshwa ilipo na kuambiwa kwamba haina sehemu isiyo na sumu, kiazi kikiwemo, na kwamba kuchemsha hakusaidii. Kiazi chake hakivuki tena mlango wa nyumba.

Nawe kama una mmea wa aina hii, fanya hivyo leo. Na siku mgonjwa wako akiulizwa amekula nini, usijibu kwa kukisia. Mtu arudi jikoni akaangalie, achukue mabaki, ayapeleke hospitalini. Mtajie daktari kila chenye sumu kilichopo nyumbani kwako, hata kile unachoamini kwamba hakuna aliyekigusa.